Aliye Juu Mngoje Chini

Msimu mmoja wa masika, si miaka mingi iliyopita, nilipokea ujumbe wa sauti kutoka kwa rafiki yangu anayeishi Vanga, ule mji mdogo wa Kenya uliobanwa kati ya mikoko na mpaka wa Tanzania. Tulijuana Tanga kwenye warsha ya waandishi, na tangu hapo tumekuwa tukitumiana vitabu, mashairi na masihara. Siku hiyo hapakuwa na masihara. Sauti yake ilikuwa imetulia kwa namna inayotisha.

"Kaka, maji yenu yamefika. Yako sebuleni."

Nyuma yake nilisikia watu wakiitana na sufuria zikigongana. Mto Umba ulikuwa umevunja kingo.

Unajua nilimjibu nini? Sikumuuliza kama watoto wako salama, wala kama ana pa kulala. Niliandika hivi: "Pole sana dada. Ila Umba si wetu sisi. Unatoka Usambara huo. Sisi ni Wapare." Nikatuma. Alama mbili zikageuka buluu. Hakunijibu kwa siku tatu.

Nimeufikiria ujumbe ule mara nyingi kuliko ujumbe mwingine wowote niliowahi kuandika. Sikusema uongo. Umba kweli unaanzia Usambara, kwenye msitu wa Shagayu, unashuka nyika hadi kuvuka mpaka na kuingia baharini karibu na Vanga. Jiografia yangu ilikuwa sahihi. Kinachonisumbua ni haraka niliyokuwa nayo. Mtu ananiambia maji yako sebuleni, mimi nachora mpaka kati ya milima miwili inayotazamana, ili lawama ibaki upande wa pili. Watanzania wenzetu hututania Wapare kwamba tunapenda kesi, eti Mpare yuko tayari kuuza ng'ombe agharamie kesi ya kuku. Nami hapo nilikuwa nimeshinda kesi kabla haijasomwa.

Basi swali ninalotaka kulitafuna hapa ni hili: mtu wa juu anadaiwa nini na mtu wa chini? Na deni hilo, kama lipo, linaishia wapi? Linaishia kwenye kijiji chake, wilaya yake, au linavuka mpaka pamoja na maji?

*

Nianzie nyumbani, maana ni rahisi mno kuhubiri kuhusu mito ya wenzako.

Kwetu ni Upare Kusini, upande wa mashariki wa wilaya ya Same, juu, ambako kuna asubuhi ukungu hauondoki hadi saa nne. Ukisimama mjini Same, kwenye vumbi la barabara kuu, na mkonge na mibuyu ikikuzunguka, huwezi kuamini kwamba nyuma ya ile milima kuna watu wanatembea na makoti. Mvua inabaki upande wetu, mjini wanapata kivuli chake.

Babu yangu alilima tangawizi. Asiyeijua atadhani ni zao la kawaida tu, lakini tangawizi haivunwi kwa kuchuma, inavunwa kwa kuchimba. Ukimaliza kuvuna, mteremko mzima umegeuzwa, udongo umelegea kama unga kwenye ungo. Halafu mvua inakuja. Nikiwa mdogo nilipenda kuangalia kijito chetu kikigeuka rangi. Watoto tulikiita chai ya maziwa. Siku moja nilimuuliza babu, "Udongo huu unaenda wapi?" Akacheka. "Unaenda kwa wenye mpunga huko chini. Waambie watushukuru, tunawapelekea mbolea."

Wenye mpunga ni watu wa Ndungu, Kihurio na Maore, kule tambarare. Kuna miaka walishukuru, maana udongo wa mlimani kweli ni rutuba. Na kuna miaka udongo huohuo uliziba mifereji yao na kuzika miche. Ada yangu ya sekondari ilitoka kwenye mteremko ule. Kila nikisoma kitabu leo, kuna kiasi fulani cha udongo wa mtu mwingine kilicholipia kujua kwangu kusoma. Sisemi hivi kwa kujitesa. Nasema kwa sababu ni hesabu, na hesabu ina pande mbili.

Wala msomaji asidhani kwamba wa juu ni mkosaji tu na wa chini ni mwathirika tu. Novemba 2009, baada ya mvua kubwa, udongo uliporomoka katika kijiji cha Goha, kata ya Mamba Miamba, na kuua watu zaidi ya 20. Mlima wenyewe ulishuka usiku juu ya nyumba. Hao hawakuwa watu wa chini. Sitawabebesha marehemu lawama za mteremko wao. Najua tu kwamba tangu siku hiyo watu wa kwetu mvua ikizidi hawalali, na mama zetu wanasikiliza bati kama mtu anayesikiliza hodi asiyoitaka.

*

Hoja ya kwanza unayoisikia mlimani ukilianzisha jambo hili ni kwamba mvua ni ya Mungu. Nani anaweza kudaiwa mvua?

Naikubali nusu yake. Mvua si yetu. Lakini mwendo wa maji yakishagusa ardhi, hapo mkono wetu umo. Mvua ileile ikianguka kwenye msitu wa Chome, chini ya kilele cha Shengena, inanywewa na majani makavu, mizizi na udongo, kisha inatolewa kidogo kidogo kwa miezi, kama mama anayegawa makande kwa watoto wengi. Ikianguka kwenye mteremko mtupu inateremka yote kwa pamoja. Kiasi ni kilekile, ila kwa yule aliye bondeni, jambo la kwanza linaitwa mto na la pili linaitwa mafuriko.

Kwa hiyo tunapozungumzia mafuriko, kwa sehemu tunazungumzia kasi, na kasi ni jambo ambalo binadamu analiongeza au analipunguza. Ukikata mti, ukilima bila matuta ya makinga maji, ukijenga kwenye kinamasi, umeongeza mwendo. Hukusudii kumdhuru mtu. Unatafuta chakula. Lakini maadili hayajawahi kuhesabu makusudio peke yake. Ndiyo maana dereva aliyelala kwenye usukani bado anasimama mbele ya hakimu.

Hoja ya pili ni nzito zaidi, na siwezi kuipita kwa methali. Inasema hivi: unamwambia mkulima mwenye robo ekari ya mteremko aache kulima ili mtu asiyemjua, katika nchi ambayo si yake, asipate maji sebuleni. Watoto wake watakula nini, maadili?

Nadhani jibu ni kwamba deni hili halitembei upande mmoja. Maji ya vijito vyetu yanaingia mto Mkomazi, Mkomazi unaingia Pangani, na Pangani, kabla haujafika baharini, unazungusha mitambo ya umeme ya Hale na ya Maporomoko ya Pangani. Mtu anayewasha taa Tanga au Dar es Salaam anaweza kuwa anatumia kazi iliyofanywa na tuta moja la mkulima asiyekuwa na umeme. Tuta lile ni jasho. Linachukua ardhi ambayo ingepandwa kitu. Kama sote tuna haki ya kumdai mkulima wa juu asiachie udongo, basi naye ana haki ya kutudai mbegu, miche, bei nzuri na barabara. Kumwambia mtu maskini alinde bonde zima kwa gharama yake mwenyewe ni kumhamishia umaskini wetu na kuuita uzalendo.

*

Sasa tuje kwenye mpaka.

Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walikubaliana namna ya kugawana upande huu wa Afrika Mashariki. Ukisoma maelezo ya mstari wao utaona walivyoutegemea maji: uanze kwenye mlango wa mto Umba, uende moja kwa moja hadi ziwa Jipe, upite mashariki na kaskazini ya ziwa, uvuke mto Lumi, kisha uzunguke Kilimanjaro kuelekea ziwa Victoria. Baadaye mstari ulisogezwasogezwa, na leo ziwa Jipe limekatwa, upande mmoja Mwanga na upande mwingine Taita Taveta. Lakini angalia kilichofanyika. Walichukua maji, kitu kinachounganisha, wakakitumia kama wembe.

Miaka 127 baadaye, mwaka 2013, serikali za Kenya na Tanzania zilitia saini hati ya makubaliano ya kusimamia kwa pamoja maji ya maziwa Chala na Jipe na mto Umba. Kwa sehemu kubwa ni maji yaleyale. Yaani kazi ya wajukuu imekuwa kushona palepale palipopasuliwa.

Nikirudi kwenye ujumbe wangu wa aibu, kuna jambo nililigundua baadaye lililonifanya nicheke peke yangu. Tanzania husimamia maji yake kwa mabonde, na sheria ya rasilimali za maji ya mwaka 2009 imezipa bodi za mabonde kazi hiyo. Bodi ya Maji Bonde la Pangani, yenye makao yake Moshi, inasimamia Pangani na matawi yake, pamoja na Umba. Bodi moja. Mimi nilikuwa nimechora mpaka ambao hata serikali haina.

Halafu likaja jambo la bomba. Mji wetu wa Same uliishi miongo mingi kwa kiu. Nimekua nikiona mikokoteni ya madumu, na wanawake wakipanga ndoo toka alfajiri. Machi 2025 mradi mkubwa wa maji wa Same, Mwanga na Korogwe ulizinduliwa, baada ya kusubiriwa zaidi ya miaka kumi. Maji yake yanatoka bwawa la Nyumba ya Mungu. Nilikuwa kwa mama mdogo, mjini, alipofungua bomba na kunijazia glasi. Nikaitazama ile glasi, nikaanza kuirudisha nyuma kichwani.

Nyumba ya Mungu hujazwa na mito miwili, Kikuletwa na Ruvu. Ruvu, si ule wa Pwani, hutokea ziwa Jipe. Jipe hupokea maji ya Lumi. Na Lumi huanzia miteremko ya mashariki ya Kilimanjaro, ndani ya Tanzania, ukaingia Kenya, ukapita Taveta, ukamwagika ziwani. Kwa maneno mengine, sehemu ya maji yaliyokuwa kwenye glasi ya mama mdogo ilitoka Tanzania, ikaenda Kenya, ikarudi Tanzania. Imevuka mpaka mara mbili bila kugongewa muhuri. Mkulima wa Taveta akilima hadi ukingo wa Lumi, tope linakuja kwetu. Jipe ikizibwa na matete na mchanga, kama ilivyolalamikiwa kwa miaka mingi pande zote mbili, sisi wa Same ndio tutakaouliza kulikoni.

Mimi niliyejiona mtu wa juu, mtu wa mlimani, nilikuwa nimekaa kwenye kochi la mama mdogo nikiwa mtu wa chini kabisa. "Mbona hunywi?" akaniuliza. "Maji mazuri hayo, baba." Nikanywa.

*

Mataifa nayo yana tabia hiihii ya kubadilisha falsafa kulingana na mahali yalipo mtoni. Mwaka 1895 mwanasheria mkuu wa Marekani, Judson Harmon, alitoa maoni kwamba nchi yake haikuwa na wajibu wowote wa kisheria kwa Mexico kuhusu maji ya Rio Grande: maji yakiwa ndani ya ardhi yangu, ni yangu. Mwaka 1906 Marekani hiyohiyo ikaingia mkataba wa kuwapa Wamexico sehemu ya maji. Hata mwenye nguvu aliona kwamba kauli ile haiwezi kuishi na jirani.

Sisi nasi tuna historia yetu. Mwaka 1962 Tanganyika ya Nyerere ilitangaza kwamba makubaliano ya Nile ya mwaka 1929, yaliyofanywa na Waingereza na Misri, hayaifungi nchi huru. Nadhani Nyerere alikuwa sahihi: huwezi kurithi deni lililoandikwa na aliyekunyang'anya kalamu. Lakini uhuru wa kukataa deni la uongo si ushahidi kwamba deni la kweli halipo. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1997 kuhusu mito ya kimataifa unajaribu kushika kamba pande zote mbili: kila nchi ina haki ya kutumia maji kwa usawa na busara, na kila nchi ina wajibu wa kutowasababishia wengine madhara makubwa. Nikiusoma namsikia mzee wa kwetu akigawa maji.

Maana kabla ya bodi na mikataba, Wapare walikuwa na ndiva. Kwa asiyeijua, ndiva ni bwawa dogo la kuchimbwa, linalohifadhi maji ya kijito usiku ili asubuhi yafunguliwe yashuke kwenye mifereji hadi mashambani, kwa zamu. Linasafishwa kwa msaragambo: watu wote, majembe yote, siku moja. Asiyekuja anatozwa, na aibu yake ni kubwa kuliko faini. Kule Bangalala, katika bonde la Makanya, wa chini na jirani zao wa juu walifikia makubaliano rahisi kabisa: wa juu watumie maji mchana, usiku wayaache yateremke yajaze ndiva ya wenzao. Hakuna mhandisi aliyehitajika kugundua kwamba siku ina nusu mbili.

Nisiipambe ndiva kupita kiasi, lakini. Teremka zaidi, hadi Makanya yenyewe, karibu na barabara kuu. Huko mto hauji tena kama zamani wakati wa kiangazi. Kinachowafikia ni mafuriko ya ghafla ya msimu, na wakulima wamejifunza kuyaelekeza mashambani ili mahindi yapate kunywa mara moja, mbili. Tafakari hilo: kuna mahali ambapo mafuriko ndiyo kilimo. Ukiyazuia yote huko juu kwa jina la usalama, umewanyima chakula. Ndiyo maana siamini mtu anayesema "kuzuia mafuriko" kana kwamba ni jambo moja, lenye maana moja kwa kila mtu. Lazima kwanza umuulize aliye chini: kwako wewe, maji haya ni nini?

Na kwa nini makubaliano ya mchana na usiku yalishika Bangalala, lakini hayakuteremka hadi Makanya? Nadhani ni kwa sababu ya uso. Wa Bangalala na jirani zao wa juu wanaonana. Wanazikana, wanaoana, wanakutana gulioni. Ukimwibia mtu zamu ya maji usiku, kesho utampisha kwenye njia ya mguu. Kadiri mto unavyorefuka ndivyo uso unavyofifia, na mwishowe mtu wa chini anageuka neno tu: "wale". Mpaka wa nchi ni mahali ambapo uso unakatika kabisa. Rafiki yangu wa Vanga, kwa dakika ile moja, alikuwa "wale" kwangu, ingawa nilikuwa na sauti yake mkononi.

Kwa hiyo nimeanza kuziona taasisi kwa jicho jingine. Bodi, hati za makubaliano, vikao vya wataalamu vyenye chai na karanga, tunavicheka, na mara nyingine vinastahili. Lakini kazi yake ya kweli ni kubeba uso wa mtu mahali ambapo jicho halifiki. Hati ya 2013 inafaa pale tu mvua inaponyesha Shagayu na mtu fulani, kwa wajibu wa kazi yake, anapomkumbuka mtu wa Vanga.

*

Wasomaji wa Shaaban Robert wanaikumbuka Kusadikika ya mwaka 1951, na wale wajumbe waliotumwa nchi za mbali kutafuta yaliyo mema, wakarudi wakatiwa gerezani. Nimeisoma mara nyingi kama kitabu kuhusu watawala. Siku hizi naisoma pia kama kitabu kuhusu habari, na namna nchi inavyojiumiza ikimfungia mleta habari.

Maana nikijiuliza deni la kwanza la mtu wa juu ni lipi, kabla ya matuta, kabla ya miti, kabla ya fedha, naona ni habari. Msitu unachukua miaka kukua. Mkataba unachukua miongo. Lakini maji yakiwa njiani, saa chache za kujua ndizo zinazotofautisha mtoto aliyebebwa na mtoto aliyesombwa. Na habari haimpunguzii mtu wa juu chochote: hapotezi shamba, hapotezi mavuno. Anayenyima kitu kisichomgharimu atatoa nini siku kikimgharimu?

Siku ya nne rafiki yangu alinijibu. Hakunitukana. Alituma picha ya ukuta wake wenye mstari wa tope, juu kidogo ya swichi ya taa, na maneno mawili: "Tuko salama." Nikampigia. Nikaomba radhi, na safari hii sikutaja mlima wowote.

Nina shemeji yangu upande wa Lushoto, Msambaa, mtani wangu wa siku zote. Tumekubaliana jambo. Mvua ikipiga kwao usiku kucha, ananiandikia asubuhi, kwa utani wake wa kawaida, "Mpare, amka, waambie wenzako." Mimi namwandikia dada wa Vanga. Najua hii si kinga ya mafuriko. Simu inaisha chaji, mtandao unakata, na watu watatu hawawezi kufanya kazi ya serikali mbili. Kazi hiyo bado tunawadai waliotia saini. Lakini masika iliyofuata ujumbe wa kwanza ulitembea kutoka Lushoto hadi Same hadi Vanga kabla jua halijawa kali.

Dada akajibu, "Nimeona. Tunapandisha mchele darini." Kisha, baada ya dakika chache, "Na huko kwenu kaka, mlima umetulia?"